Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe: ni nini, na hapa Zanzibar utaanzia wapi

Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe ni mkusanyiko wa watu ambao ulevi uliwashinda, wanaokutana siku na saa maalumu ili kila mmoja aipitishe siku ya leo bila kunywa. Hakuna daktari wala ustadhi anayekaa mbele kuwasomesha. Huandikishwi, hulipi ada. Hupitishwa kikopo, mwenye kitu anatia cha kukodia chumba na cha chai, asiyekuwa nacho anakipitisha kwa mwenzake. Sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha.

Nalisisitiza hilo la kutaka kwa sababu kwetu mtu huburutwa. Anafungiwa ndani wiki mbili, akitoka anakwenda moja kwa moja kilabuni. Au mwenyewe anaacha Ramadhani nzima, anafunga, tarawehe hakosi, nyumba inashukuru; sikukuu haijesha, karudi pale pale. Watu husema hana imani. Mimi siamini hivyo. Aliyeweza kuacha mwezi mzima nia anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, sikukuu pili usiku, "Mwenzangu, leo roho inaitaka," na mtu huyo asishtuke wala asimhukumu.

Kikao huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Viti hupangwa duara. Mwenye zamu anafungua, zinasomwa hatua 12, yaani maelekezo ya kuachana na ulevi ambayo wanakikundi huyafuata moja baada ya jengine, kisha mmoja anaanza: "Naitwa Haji, mimi ni mlevi." Wanamwitikia, "Karibu, Haji." Anaeleza kwamba wiki hii hajanywa, lakini jana alipita karibu na kwa mgema, harufu ya tembo ikampiga, mate yakamjaa kinywani, akasimama pale muda mrefu kabla miguu haijakubali kuondoka. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayempa nasaha. Akimaliza wanamshukuru, zamu inahamia kwa mwengine. Mgeni akiona haya husema tu, "Leo nasikiliza," na inatosha. Akishazoea, humwomba mmoja wa waliotangulia awe sponsa wake, yaani mtu wa kumpigia simu saa yoyote kiu inapomjia, kabla hajanyanyua glasi.

Linalowatisha wengi ni siri. Katika kisiwa ambacho kila mtu ni ami au shemeji wa mtu, nani atathubutu kusema mbele za watu kwamba yeye mlevi? Ndiyo maana wanaoingia hutaja jina la kwanza tu, na yanayosemwa ndani hubaki ndani. Yawezekana ukamkuta jirani yako wa Jang'ombe, na mkatazamana kwa haya. Naye kaletwa na lilelile lililokuleta wewe, mtasitiriana.

Unguja, vikao vya namna hii vimekulia zaidi kwenye nyumba za kuachia dawa za kulevya, zile tunazoziita soba hausi. Mnywaji hudhani hapamhusu, kwa kuwa yeye hajagusa unga. Panamhusu. Narcotics Anonymous, jumuiya ya kusaidiana kuacha dawa za kulevya, ambao vikao vyao hufuata hatua 12, huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyengine, na mlango wao uko wazi kwake. Uliza kwenye soba hausi iliyo karibu, au kwa wahudumu wa afya ya akili Kidongo Chekundu. Uliza pia kama kikao ni cha wazi, ambacho jamaa wanaweza kuhudhuria, au ni cha wenyewe tu. Mwanamke aulize bila kuona vibaya kama kuna kikao cha wanawake. Asipokipata, vipo vinavyofanyika kwa intaneti, na simu yenye spika za masikioni inamtosha chumbani kwake.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi ni mwanzo; katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata kifafa au kuchanganyikiwa, na hali hiyo huua. Apelekwe hospitali kwanza: Mnazi Mmoja kwa walio mjini, Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani kwa walio Pemba. Kikundi kitamngoja.

Wengine huniuliza kama hatua hizo zinagongana na dini. Zinamtaja Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomjua, basi Muislamu humwomba Allah kwa dua zake.

Na aliye Micheweni au Konde, asiyeweza kuvuka bahari kila wiki? Alcoholics Anonymous, waliotunga hatua hizo, walianza 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili: Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa biashara ya hisa, na daktari Bob Smith. Mpaka leo utaratibu wao unasema wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi. Basi mtafute mmoja tu aliyechoka nayo kama wewe. Chagueni siku, tuseme Jumatatu baada ya Isha, na mahali pasipo wapita njia, si barazani. Mmoja aseme dakika kumi, mwengine asikilize, kisha mbadilishane. Wiki ijayo mkutane tena, hata kama mmoja wenu ameanguka katikati ya wiki. Huyo ndiye khasa anayehitaji kuja.