Supu ya Maharagwe Si Maharagwe: Maswali Kuhusu Chakula cha Wiki kwa Pesa Kidogo

Haya ni maswali ninayoulizwa na akina mama, na siku hizi akina baba pia, kwenye kliniki ya watoto hapa Kisumu. Wengi huniita daktari ingawa mimi ni afisa wa lishe. Majibu mengine nimeyarudia hadi sauti imekauka.

Daktari, nyama imetushinda bei. Tukila vya shambani wiki nzima si tutadhoofika?

Hamtadhoofika. Familia inaweza kukaa mwezi mzima bila nyama na wote wakawa na afya, mradi sahani iwe na maharagwe, ndengu, kunde, njahi au njugu. Ninachokiona mimi ni tofauti: ugali na sukuma Jumatatu, ugali na sukuma Jumanne, hadi Jumapili, halafu mtu ananiambia kwao wanakula vizuri, mboga kila siku. Sukuma ni mboga nzuri, lakini haijengi mwili wa mtoto peke yake.

Kuna kitu kimoja muhimu ambacho mimea haina: vitamini B12, ya damu na neva. Hiyo hutoka kwa wanyama, kwa hivyo weka omena (dagaa) mara mbili au tatu kwa wiki, au yai, au maziwa. Omena ioshwe kwa maji moto mchanga utoke, kisha ipikwe na vichwa na mifupa yake.

Nitapangaje wiki nzima kwa pesa kidogo?

Nunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni, achana na pakiti. Maharagwe ya soko la Kibuye ni yale yale ya supamaketi, bila karatasi ya kung'aa. Gorogoro moja ni kama kilo mbili, na yakishaiva uzito wake huzidi mara mbili. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, uchemshe kwa maji mapya. Yakilowekwa huiva upesi, na katika nyumba nyingi makaa ndiyo yanayomaliza pesa. Maharagwe mekundu yachemke kwelikweli hadi yalainike; yakiwa nusu mabichi yanaumiza tumbo.

Mfano: Jumapili chemsha sufuria kubwa. Mengine yawe nyoyo (mahindi na maharagwe) jioni hiyo, mengine yaliwe Jumatatu na ugali na managu. Kama huna friji, yachemshe tena asubuhi na jioni, na yasipite Jumatatu. Jumanne pika ndengu, hazihitaji kulowekwa. Jumatano omena na mrenda. Alhamisi chemsha maharagwe tena, yakufikishe Ijumaa. Jumamosi majani ya kunde yaliyoungwa kwa njugu za kusaga. Asubuhi, badala ya mkate mweupe, viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa. Vina vitamini A, na huku kwetu si ghali.

Na tafadhali, acheni kuzichemsha mboga za kienyeji mara tatu mkimwaga maji kila mara. Mnamwaga vitamini kwenye mtaro. Managu ikiwa chungu, changanya na terere, au weka maziwa.

Chai na chakula je?

Chai isubiri saa moja. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, na damu inapungua. Chungwa, pera au limau hufanya kinyume chake. Mtoto mdogo hana haja na chai kabisa, hata ya maziwa.

Mtoto wangu ana mwaka mmoja na hawezi kutafuna maharagwe. Nampa ugali na supu yake. Inatosha?

Haitoshi. Supu ni maji yaliyopita karibu na maharagwe. Protini imebaki kwenye punje, na punje mmekula nyinyi wakubwa.

Chukua punje zilizoiva vizuri, ziponde kwa kijiko au kwa mwiko hadi ziwe laini, toa maganda kama yanamkera, tia kijiko kidogo cha mafuta, mlishe. Ni kazi ya dakika tatu. Naambiwa hakuna wakati, na aliyeniambia hivyo ameketi nami kliniki tangu saa mbili asubuhi.

Uji nao ni vivyo hivyo. Ukiinua kijiko uji ukamiminika kama maji, huo ni wa kukata kiu. Uwe mzito, ushike kijiko. Kuanzia miezi sita mpe mara mbili au tatu kwa siku, kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na ziwa la mama liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Uji wa unga wa mchanganyiko, wenye wimbi, soya, njugu na omena pamoja?

Simpendi anayewauzia. Vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja, na njugu na omena huharibika haraka ndani ya unga. Saga wimbi peke yake, kisha uongeze maziwa au njugu za kusaga jikoni. Njugu zenye ukungu tupa. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa.

Miguu ya mtoto imejaa, na mashavu pia. Dani yake (nyanya) anasema amenona.

Hajanona. Mtoto aliyenona hucheza na husumbua. Huyu wako amenyamaza, hataki kula, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu.

Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini, kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, uachilie. Shimo likibaki pande zote mbili, huo ni utapiamlo mkali, kwashiakoo. Mlete leo. Usingoje siku ya kliniki, usingoje mwisho wa mwezi. Leo.

Wengine wanasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, apewe manyasi (dawa za mitishamba) kwanza.

Nawaheshimu wazee, na wakitaka kukaa kikao wakae. Mtoto awe hospitalini wakati wanakaa. Wanaofika kwetu wamechelewa, wengi wamepitia kwa manyasi wiki mbili, tatu. Miguu ikijaa, ni hospitali kwanza.

Si nimpe mayai na maziwa kwa wingi nyumbani wiki moja, nione?

Hapana. Mwili uliodhoofika kiasi hicho ukijazwa chakula ghafla, moyo unaweza kushindwa. Hospitalini huanza kwa maziwa maalum, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Jambo hilo huwezi kulifanya peke yako nyumbani. Na usimpe dawa ya kukojoa ili uvimbe upungue.

Na kama hajavimba, amekonda tu?

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu ana utepe wa kupima mkono. Kwa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: hospitali siku hiyo hiyo. Kati ya hapo na 12.5 ni manjano: njoo kliniki wiki hiyo.

Naogopa kugombezwa na wauguzi.

Huenda ukagombezwa, nami huenda nikawa mmoja wao. Njoo hivyo hivyo, na kijitabu chake cha kliniki.