Umeona kitu angani hukielewi? Tupe saa na uelekeo, jibu tuachie sisi tulitafute

Ndugu zangu, malalamiko yamekuwa mengi, ndo maana nimekaa niandike. Mtu anasema aliripoti kitu kimepita angani kisha kimya, mwingine anasema tunaficha, mwingine aliambiwa tunalifanyia kazi na mwezi ukakatika. Mimi ni mmoja wa wanaozifungua hizo ripoti, nazisoma moja baada ya nyingine mpaka mwisho, na najua uchungu wa mtu aliyeona kitu kweli kikamtisha halafu jirani zake wakamcheka. Huyo namheshimu sana. Lakini ripoti nyingi za watu kama yeye nashindwa kuzifikisha popote, na sababu ni ndogo mpaka inauma: hazina saa.

Anaandika "jana saa 2 usiku niliona mwanga". Sasa hiyo ni saa mbili usiku tunayoisema mdomoni, yaani 20:00, au ni 02:00 aliyoisoma kwenye simu? Kati ya hizo mbili kuna masaa sita, na kwa masaa sita anga lote limeshazunguka nyuzi 90, nyota iliyokuwa inachomoza imefika utosini, ndege zilizokuwa njiani zimetua, satelaiti iliyokuwa inapigwa na jua imeingia kivulini. Na neno "jana" ukishavuka saa sita usiku ndo linavuruga kabisa. Andika 20:10 kama simu inavyoonyesha, sema ni usiku wa kuamkia tarehe ngapi, sema ulikuwa umesimama wapi. Kama hukuangalia saa, fungua simu uone ulimpigia nani ukishakiona kile kitu, au ulituma meseji saa ngapi, hiyo inatosha.

Ripoti ikishafika inapewa namba ya faili, na hiyo namba itunze. Saa yako tunaibadilisha kuwa saa ya kimataifa, UTC, maana rada, satelaiti na vituo vya hali ya hewa vyote vinaandika kwa UTC. Halafu tunaanza na vitu vya kawaida kabisa: sayari gani ilikuwa upande ule, ndege gani zilikuwa zinapita, satelaiti gani ilikuwa inaonekana, puto la hali ya hewa limerushwa saa ngapi na upepo ulikuwa unaenda wapi. Puto hizo zinarushwa mara mbili kwa siku kwenye vituo vya dunia nzima kwa mpangilio unaolingana, zinapanda mpaka kilomita 30 na zaidi, na kadiri zinavyopanda zinatanuka, kwa hiyo jioni jua likiwa limeshazama kwako lile puto bado linawaka huko juu, jeupe, limetulia, na wewe huoni kamba wala chombo kilichoning'inia chini yake.

Sasa kuhusu rada, hapa naomba msome polepole. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwenye Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, linataka rekodi za rada na mazungumzo ya redio ya waongoza ndege zitunzwe angalau siku 30. Angalau. Baada ya hapo kituo kinaweza kurekodi juu yake, na hakuna kosa lolote limefanyika. Kwa hiyo anayekuja miezi mitatu baadaye anasema "angalieni rada ya siku ile", rada ya siku ile huenda haipo tena, na tukimwambia haipo anasema imefutwa makusudi. Ripoti ndani ya siku chache, hata kama una mashaka, hata kama unaona aibu. Tukipata ripoti mapema tunaandika barua rekodi izuiwe isifutwe, na hapo siku 30 hazina shida tena.

Na rada ikikosa kitu haimaanishi wewe umedanganya. Kuna rada inayotuma wimbi na kusubiri mwangwi, na kuna ile inayoiuliza ndege nayo ndege inajibu kupitia transponda yake, na hii ya pili kitu kisicho na transponda haikioni kabisa. Droni ndogo inayoruka chini inaweza kupita isionekane kwenye zote mbili. Kinyume chake pia kipo: Julai 1952 rada za Washington zilionyesha vitu wikendi mbili mfululizo, ndege za kivita zikarushwa, na Jeshi la Anga la Marekani likaeleza kwamba hewa ya joto ilikuwa imekaa juu ya hewa baridi na kupinda mawimbi ya rada. Rada ni shahidi kama wewe, nayo inahojiwa.

Nikirudi kwenye maelezo ya mashahidi, kuna sentensi moja nakutana nayo kila wiki: "kilikuwa kikubwa kama uwanja wa mpira na kilikuwa mita 200 juu yangu". Jamani. Usiku, kitu usichokijua, huwezi kujua umbali wake, na usipojua umbali huwezi kujua ukubwa, macho hayana huo uwezo kwa yeyote, hata rubani mwenye masaa elfu kumi. Kitu cha sentimita 30 kilicho karibu na kitu cha mita 30 kilicho mbali vinaweza kukaa sawa kabisa kwenye jicho. Unachoweza kupima ni nyuzi, na kifaa unacho mwilini: nyoosha mkono, ngumi yako inaziba kama nyuzi 10, kidole kidogo kama nyuzi 1, mwezi mpevu ni nusu nyuzi tu. Ukiniandikia "kilikuwa ngumi mbili juu ya upeo wa macho, upande jua linakozama, kikasogea kulia ngumi tatu kwa sekunde kama 40", mimi kwa hiyo sentensi moja naweza kufanya kazi siku nzima, wakati kurasa nne za "kilikuwa cha ajabu sana" hazinisaidii.

Kuna dereva mmoja alikuja kwetu anatetemeka, anasema mwanga umemfuata dakika 40, akikata kona unakata, akisimama unasimama. Wenzake walishamwambia ulevi. Nilichofanya nilimwomba turudi kesho yake saa ile ile, barabara ile ile, na mwanga ukawa pale pale juu ya vilima upande wa magharibi. Ilikuwa Zuhura, nyota ya jioni. Kitu kilicho mbali sana hakibadiliki upande ukisogea, ndo maana mwezi nao unaonekana unakufuata garini tangu ukiwa mtoto, na taa moja ukiikazia macho gizani muda mrefu itaanza kucheza hata kama imetulia. Yule mtu hakudanganya neno hata moja, kila alichoandika kilikuwa sahihi isipokuwa hitimisho, na ni kwa sababu aliandika vizuri ndo tulimaliza kwa siku moja.

Kurudi eneo la tukio kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 13 Machi 1997 kule Phoenix, Arizona, kama saa nne usiku watu wengi waliona taa zimejipanga angani zikazimika moja moja, na wapo waliosema ni chombo kimoja kikubwa. Zilikuwa fataki za kuangazia zenye parachuti, zilizoangushwa na ndege za jeshi kwenye mazoezi. Kwa nini zilizimika moja moja? Picha za mchana kutoka pale pale zilipowekwa juu ya video ya usiku, kila taa ilikuwa inapotea hasa pale ilipofika kwenye mgongo wa mlima, yaani zilikuwa zinashuka nyuma ya mlima ambao usiku hauonekani. Ndo maana tunakuomba upige picha moja mchana kutoka uliposimama, ukutani, mtini, popote ulipokuwa.

Kwa sasa kinachotujazia meza ni satelaiti za Starlink. Zile za kwanza 60 zilirushwa Mei 2019, na tangu hapo zinakwenda kwa mafungu, siku chache baada ya kurushwa zinapita kwa mstari kama shanga za mwanga, kimya, halafu zinapotea ghafla zikiingia kwenye kivuli cha dunia. Ukiona hivyo muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla ya mapambazuko, ripoti kama unataka, tutakujibu haraka, hiyo ni rahisi. Kitu kinachowaka na kumeguka vipande ni suala la sekunde ngapi: kimondo kinapita kwa sekunde chache tu, lakini mabaki ya roketi yanayorudi yanakwenda polepole zaidi na yanaweza kuonekana dakika nzima au zaidi. Na ukiona mwanga mkali kushinda jua mchana kweupe, usikimbilie dirishani. Chelyabinsk, Urusi, 15 Februari 2013, kimondo kilipasuka angani na watu kama 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao walikatwa na vioo, kwa sababu mshindo ulifika dakika kadhaa baada ya mwanga na wao walishasogea dirishani kutazama.

Video. Klipu iliyozunguka magrupu matatu ya WhatsApp ishapoteza taarifa zake za ndani, saa, mahali, mpangilio wa kamera, vyote, na picha yenyewe imebanwa. Tutumie faili la asili kutoka simu iliyopiga, kama dokumenti. Usizuum, maana simu ikishindwa kulenga kinukta cha mwanga inakigeuza duara au pembe kulingana na umbo la lenzi, watu wanaona "chombo" ambacho ni lenzi yao. Acha kipande cha paa au nguzo kionekane pembeni. Na kama mlikuwa watu watatu, kila mmoja achore peke yake kabla hamjaongea, tafadhali sana, mkishakaa pamoja usiku mzima mnasimuliana mimi nabaki na shahidi mmoja mwenye sahihi tatu.

Hili la kuficha limenichosha, na nitalisema wazi. Jina lenyewe, UFO kwa Kiingereza, linasema kitu kinachoruka kisichotambulika, maana yake aliyekiona hakukitambua, basi, halisemi kimetoka wapi. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 kati ya 1947 na 1969, na 701 zikabaki bila jibu, idadi hiyo ilitangazwa. Ufaransa ina kitengo ndani ya shirika lake la anga za juu, CNES, tangu 1977, leo kinaitwa GEIPAN, na mafaili yake yako wazi kwenye intaneti: A ni kitu kilichotambuliwa, B kimetambuliwa kwa uwezekano mkubwa, C taarifa hazitoshi, D taarifa zinatosha lakini jibu hakuna. D ni kama 3 kwa kila 100. Ripoti ya wataalamu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya Septemba 2023 haikukuta ushahidi wa viumbe kutoka sayari nyingine, na kilio chao kikubwa kilikuwa data mbovu. Kilio hicho hicho nimekupigia toka juu.

Sasa sheria, maana hapa watu wanaumia bila kujua. Usimulike leza kwenye mwanga wa angani kuuita au kuupima. Ikiwa ni ndege, rubani anapofuka kwa sekunde ambazo hana, Marekani ni kifungo mpaka miaka 5 na Uingereza, kwa sheria ya 2018, mpaka miaka 5 pia. Ripoti ya uongo ya makusudi inayopoteza muda wa polisi, Uingereza ni mpaka miezi 6. Nasisitiza makusudi: aliyekosea kwa nia njema hashtakiwi, hatujawahi hata kulifikiria hilo.

Na kitu kikianguka usikiguse. Tangi la chombo cha angani linaweza kuwa na haidrazini, ambayo ni sumu, na Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti Cosmos 954 ilimwaga vipande vyenye mionzi kaskazini mwa Kanada. Usikikate kuuza vyuma chakavu, siyo chako: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 8, unasema mwenye chombo anabaki mwenye chombo hata kikirudi duniani. Makubaliano ya 1968 ya kurudisha vyombo vya angani, kifungu cha 5, yanaitaka nchi kilipoangukia imjulishe aliyekirusha na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Madhara yanalipwa kwa Mkataba wa 1972 wa fidia ya vyombo vya angani, bila kuhitaji kuthibitisha uzembe ikiwa yametokea ardhini, lakini anayedai ni serikali kupitia njia za kidiplomasia, na ndani ya mwaka 1. Kwa ile Cosmos 954 Kanada ilidai kama dola milioni 6 za kwake, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981. Kwa hiyo piga picha, zuia watoto, ita polisi, na kama shamba lako limeharibika orodhesha siku hiyo hiyo, ukichelewa mwaka dai linaweza kufa.

La mwisho ni hawa waliopata barua yetu yenye herufi C, maana nasi tunatumia herufi kama zile za Ufaransa, wakadhani tumewatupa. C ni faili lililosimama linasubiri taarifa zaidi. Ukikumbuka saa, ukimpata jirani aliyeona kutoka mtaa wa pili, ukiipata ile klipu ya asili kwenye simu ya zamani, tuma kwa namba ile ile ya faili, usifungue ripoti mpya, maana mpya inaanza foleni upya na haiungani na ile ya kwanza mpaka mtu aje azilinganishe kwa mkono. Mtu aliyeona kutoka mtaa wa pili ndo namtaka kuliko wote, mistari miwili ikikatana angani ndo umbali unapatikana, na umbali ukishapatikana hata lile swali la uwanja wa mpira naweza kulijibu.