Asilimia 98 ya nini?

Nimeletewa tena. Safari hii ni mwekezaji, mtu makini kabisa, kanitumia ripoti ya kampuni ya vyakula na mstari mmoja ameupaka njano: asilimia 98 ya mawese yetu yanafuatilika. Chini yake ameandika, "Hawa ni safi, au siyo?" Anamaanisha: mawese yao hayatokani na misitu iliyofyekwa.

Sijui. Wewe pia hujui. Na kampuni yenyewe, nahofia, haijui.

Kufuatilika ni kujulikana yalikotoka. Lakini yanafuatilika hadi wapi? Kwa mawese, ripoti nyingi humaanisha hadi kinuni, na kinu si shamba. Matunda ya mchikichi yakishakatwa huanza kuharibika, hivyo yanatakiwa kufika kinuni ndani ya siku moja hivi. Hilo linatusaidia sana sisi wakaguzi tunaozipa kampuni alama: ukijua kinu kilipo, unajua matunda hayakutoka mbali, na unaweza kuuangalia msitu unaokizunguka kwa picha za setilaiti. Lakini ndani ya duara hilo kuna shamba la mwenye kinu, kuna wakulima wadogo, na kuna madalali wenye malori wanaokusanya mikungu kwa yeyote anayeuza. Mizani ya kinu hupima tani. Haiulizi lori limepitia wapi.

Halafu, asilimia 98 ya nini? Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu jibu huwa limefichwa kwenye maandishi madogo ukurasa wa mwisho. Mara ni mafuta yaliyonunuliwa moja kwa moja tu. Viambato vya sabuni na vipodozi vilivyotokana na mawese hayohayo havimo. Bidhaa zilizotengenezwa na viwanda vya watu wengine kwa nembo ya kampuni hazimo. Kampuni tanzu iliyonunuliwa juzi haimo. Ukishaondoa kwenye hesabu kila usichokijua, hata kabati langu la jikoni linafuatilika kwa asilimia 100.

Na tuseme basi kila tone limefuatiliwa hadi kwenye mti wake. Umejua mahali, hujajua yaliyotendeka hapo. Shamba lililofyekwa mwaka jana lina majira ya nukta, zile namba za mahali kwenye ramani, kama shamba lingine lolote. Kumjua mwizi kwa jina hakurudishi kuku.

Ng'ombe wa Amazoni ndio somo zuri zaidi. Mwaka 2009 wachinjaji wakubwa wa Brazili waliahidi kutonunua kwenye mashamba yaliyofyeka msitu, na wakaanza kukagua wauzaji wao. Wauzaji wa moja kwa moja, yaani. Ndama huzaliwa ranchi moja, hukulia ya pili, hunenepeshewa ya tatu, na inayokaguliwa ni ile ya tatu. Karatasi safi, ng'ombe yuleyule.

Vyeti nitavipitia haraka. RSPO, chombo cha kimataifa kinachosimamia vyeti vya mawese endelevu, ina njia nne za kuuza mawese yenye cheti, na kwa mbili kati yake mafuta uliyoshika yanaweza yasiwe yametoka kwenye shamba lenye cheti hata kidogo: ama yamechanganywa na mengine na hesabu ikalinganishwa vitabuni, ama umenunua hati tu. Si utapeli, imeandikwa wazi. Soma cheti ni cha aina gani.

Tarehe ya ukomo nayo: sera inayosema "hatukati misitu" bila kusema kuanzia lini ni shairi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu imeweka 31 Desemba 2020: shamba lililofyekwa msitu baada ya hapo halikubaliki. Kampuni nayo itaje yake.

Mimi huanza na orodha ya malalamiko dhidi ya wauzaji, ambayo kampuni mnunuzi huichapisha yenyewe. Nani alilalamikiwa, mnunuzi alifanya nini, kwa muda gani, na muuzaji aliyesimamishwa alirudishwa kwa masharti yapi. Tatizo ni kwamba kampuni inayochapisha malalamiko 40 huonekana chafu kuliko jirani yake asiyechapisha hata moja, na fomu zetu za alama, niseme ukweli, zimewahi kumpendelea huyo jirani. Muuzaji aliyesimamishwa naye huhamia kwa mnunuzi asiyeuliza maswali. Alama za kampuni hupanda, msitu unaendelea kupungua. Sijapata njia ya kulipima hilo inayoniridhisha.

Linaloninyima usingizi zaidi ni lile la wakulima wadogo. Njia rahisi ya kutoka asilimia 80 hadi 98 ni kuacha kununua kwa wasio na ramani za mashamba yao. Kwenye jedwali langu hayo ni maendeleo. Nimewahi kuipa kampuni alama ya juu kwa kupanda kwa namna hiyo, na niligundua baadaye, kwa bahati tu, nilipohesabu idadi ya wauzaji badala ya tani.

Mwekezaji nimemrudishia ripoti yake. Chini ya mstari wa njano nimeandika maneno mawili: ya nini? Ameniambia idara ya mawasiliano ya kampuni imeahidi kumpigia.