"Yaoi wengi" au "yaoi nyingi"?

Kijana wa jirani yangu, ambaye hapitwi na katuni mpya ya Kijapani, aliniambia wiki iliyopita kwamba Japani ina "yaoi wengi", akimaanisha wanaume mashoga. Si mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitiwa katika ngeli ya watu, na masikio yangu yamechoka.

Yaoi ni hadithi za kubuni, hasa za manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani (si ile ya pilipili), zinazosimulia mapenzi ya wanaume wawili, na ambazo kwa sehemu kubwa huandikwa na kuchorwa na wanawake kwa ajili ya wasomaji wanawake. Maana yenyewe inaishia hapo.

Asili ya neno ndiyo yenye utamu. Lilizuka mwishoni mwa miaka ya 1970 miongoni mwa wachoraji wa ridhaa waliokuwa wakijichapishia vijitabu vyao, nalo limeundwa kwa silabi za mwanzo za yama nashi, ochi nashi, imi nashi, yaani hakuna kilele, hakuna tamati, hakuna maana. Wachoraji hao walikuwa wakijitania kwamba kazi zao ni mahaba matupu yasiyo na kisa, mfano wa mpishi anayekukaribisha mezani huku akikuambia kwamba chakula chenyewe hakina chumvi. Kwa hiyo neno hili tangu kuzaliwa kwake linahusu utunzi, wala halikukusudiwa kumtaja mtu yeyote aliye hai. Hata kabla yake, mchoraji wa manga Takemiya Keiko alipoanza mwaka 1976 kuchapisha Kaze to Ki no Uta, kisa cha wavulana wawili wanaopendana, alikiweka katika shule ya bweni nchini Ufaransa, karne ya 19, mbali kabisa na mitaa ya Tokyo.

Katika yaoi ya kawaida mmoja huwa seme, mshambuliaji, na mwingine uke (neno la Kijapani, si la Kiswahili), mpokeaji, na mara nyingi msomaji huwatambua tangu ukurasa wa kwanza kwa kimo na upana wa mabega tu. Mwaka 1992 Sato Masaki, ambaye mwenyewe ni shoga, aliandika katika jarida moja la wanawake akilalamika kwamba hadithi hizo haziwahusu wanaume kama yeye, na malalamiko hayo yakazua mjadala mrefu. Wanaume hao walikuwa na majarida yao, likiwamo Barazoku lililoanza mwaka 1971, ambalo jina lake lina maana ya kabila la waridi.

Nje ya kurasa mambo ni mazito zaidi. Wilaya za Shibuya na Setagaya jijini Tokyo zilianza Novemba 2015 kuwatambua rasmi wenzi wa jinsia moja, lakini hati wanazopewa si ndoa wala hazimpi mtu haki ya kumrithi mwenzake, na hadi mwaka 2024 sheria ya taifa ilikuwa bado haijaruhusu ndoa hiyo.

Kijana sikumkemea. Nilimweleza kwamba wanaume mashoga wenyewe Wajapani huwaita gei, na kwamba wingi wa vitabu dukani hauonyeshi wanaishije.

"Kwa hiyo, mzee, niseme Japani ina yaoi nyingi?"

Nikamwambia hapo amepatia.