Kudundwa si kwisha
Hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi ya Juni na kikombe cha kahawa mkononi, hukosi mzee wa kijiwe atakayekwambia bondia akidundwa vibaya mara moja, basi kwisha habari yake. Mfano wao ni Joe Frazier, bondia Mmarekani wa uzito wa juu. Kweli, Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, George Foreman alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Mara sita, jamani! Lakini pale kilichoamua ni mtindo: Frazier alizoea kuingia ameinama, na Foreman, mrefu kumzidi, alimsukuma kwanza kisha akamtandika ngumi za kutoka chini. Oktoba 1975, Manila, Frazier huyohuyo alimtoa jasho Muhammad Ali kwa raundi 14, hadi kocha wa Frazier, Eddie Futch, alipomkatalia kuingia ya 15, macho yamevimba.