Mtoto ana shida ya tumbo na yuko shule ya bweni: maswali mnayoniuliza kila muhula

Shule zikikaribia kufunguliwa simu yangu haipumziki. Nimekuwa nesi wa shule kwa miaka kadhaa, na wazazi, matroni na hata wanafunzi wenyewe wananiuliza mambo yaleyale, kwahiyo leo nayajibu hapa kwa pamoja.

Swali: Binti yangu wa form two amekutwa na vidonda vya tumbo. Matroni anasema ni maharage ya shule. Ni kweli?

Hapana mama. Maharage hayatoboi tumbo, wala pilipili, wala mawazo. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helikobakta pailori, na hili lilijulikana mwaka 1982 pale Perth, Australia, madaktari wawili Barry Marshall na Robin Warren ndo walimgundua, watu hawakuwaamini mpaka Marshall mwenyewe akamnywa huyo bakteria mwaka 1984 na tumbo likamuuma kweli, wakaja kupewa tuzo ya Nobel 2005. Kwetu watu wengi wanaye tangu utotoni na hawaumwi chochote, kwahiyo habari za kumtengea binti kikombe bwenini acheni, mnamuumiza bure. Maji safi na kunawa mikono kwa sabuni kunamsaidia kila mtu.

Sababu ya pili ndo inayonikosesha usingizi: dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Binti akiwa kwenye siku zake anaumwa, rafiki anatoa vidonge kwenye tranka, anameza viwili hajala kitu, mwezi ujao tena, hiyo inakwangua ukuta wa tumbo taratibu na yeye anajua anajitibu. Mabinti wenye historia ya vidonda wasipewe hizo dawa kabla daktari hajasema, paracetamol ni nafuu zaidi kwa tumbo. Muulize binti yako kwa upole anameza nini, sio kwa kumgombeza maana ataficha.

Swali: Mwanangu amepimwa kila kitu, majibu yako safi, lakini tumbo linamuuma hasa kipindi cha mitihani. Mwalimu anasema anaigiza.

Haigizi. Kwa watoto na vijana tumbo linalouma mara kwa mara mara nyingi halina kidonda wala kitu cha kuonekana kwenye kipimo, na maumivu yanakuwa ya kweli kabisa. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu inayowasiliana na ubongo mda wote, wengine mishipa yao ni miepesi mno kuhisi, gesi kidogo tu ambayo wewe huisikii yeye inamkunja. Kuna ugonjwa unaitwa sindromu ya utumbo kero, mtu leo anaharisha, wiki ijayo hapati choo, katikati tumbo linajaa, na hofu inaongeza maumivu.

Mwalimu anachoweza kufanya ni kitu kidogo sana: amwamini. Amruhusu akakae pembeni au alale kidogo kwenye chumba cha wagonjwa afu arudi darasani. Kumrudisha nyumbani kila akiumwa haisaidii, anakosa masomo, akirudi kuna rundo la kazi, hofu inaongezeka na tumbo nalo linaongezeka.

Swali: Wanafunzi wengine wanaomba kwenda chooni kila kipindi, mwalimu atajuaje nani mgonjwa nani anakwepa hesabu?

Hili swali nalipenda na linaniuma, maana hapa ndo watoto wengi wanaumia kimyakimya.

Mtoto akibana choo, utumbo mpana unaendelea kufyonza maji, choo kinakauka kinakuwa kigumu, siku akienda kinamchana, anaogopa, anabana tena. Hii ikienda wiki na wiki utumbo unatanuka mpaka anapoteza ile hisia ya kusikia haja, na hapo choo chepesi kinaanza kupita pembeni mwa kile kigumu na kuvuja kwenye nguo bila yeye kujua. Wenzake wanamcheka, matroni anafikiri anaharisha, anampa dawa ya kufunga tumbo, na kumbe ndo anazidi kumfunga!! Nilimpokea mtoto wa namna hiyo, alikuwa anajifulia saa kumi usiku ili wenzake wasione. Alikuwa hajapata choo vizuri zaidi ya wiki mbili na hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza.

Na ukimuuliza kwanini anabana anakwambia ukweli: mlango hauna komeo, maji hakuna, foleni asubuhi ni ndefu na kengele imeshagongwa. Kwahiyo dawa ya kwanza hapo ni fundi wa komeo na ndoo ya maji yenye kopo, kabla hata ya duka la dawa. Utumbo unaamka baada ya kula, hasa asubuhi, mwacheni akae chooni dakika kumi baada ya uji bila kuharakishwa. Anywe maji mda wote, matunda yakipatikana, papai ni zuri.

Kuhusu kujua nani anakwepa, mwenye ugonjwa unaojulikana mpeni kadi ndogo, au wakubaliane na mwalimu wa malezi ishara fulani, aiweke kadi mezani atoke bila kutangaza mbele ya darasa zima. Binti wa miaka 15 hatasimama mbele ya wavulana aseme anaharisha, atabana mpaka azimie.

Swali: Shule ina wanafunzi 600, hatuwezi kumpikia mmoja chakula chake.

Sawa, msimpikie. Lowekeni maharage usiku kucha, mwageni yale maji, pikeni kwa maji mapya, gesi inapungua kwa wote 600 na kuni zinapungua pia. Anayeumwa akikaa na njaa asiruhusiwe kukaa tupu toka uji wa asubuhi mpaka saa nane, ndizi au kipande cha mkate saa nne kinatosha. Maziwa ambayo hayajagandishwa, ya baridi au ya moto, wengi wetu ukubwani hayatukubali, yanajaza tumbo gesi, mtindi unavumilika zaidi. Na ile ya kumnywesha mwenye vidonda maziwa ili vipone, yanapoza kidogo tu afu asidi inarudi.

Swali: Dawa zake akae nazo nani?

Mdogo, matroni. Mkubwa anaweza kukaa na zake ila matroni ajue ni zipi. Shida kubwa ni saa. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, inamezwa kama nusu saa kabla ya kula, sasa kama ofisi ya matroni inafunguliwa baada ya uji, dawa haifanyi kazi yake vizuri. Na dozi ya kumuua yule bakteria inaenda siku 14 mara nyingi, akiacha siku ya tano kwa sababu anajisikia vizuri bakteria anaweza kurudi akiwa sugu.

Swali: Ramadhani je?

Aulize daktari kabla mwezi haujaanza, sio katikati. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na shule isimwonee aibu akionekana anakula mchana.

Swali: Lini nisisubiri asubuhi?

Akitapika damu au kitu kama unga wa kahawa. Choo cheusi kinachonata kama lami. Tumbo gumu kama ubao. Maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia chini kulia huku ana homa na hataki kula, hiyo inaweza kuwa kidole tumbo, na hapo jamani msimpe dawa ya maumivu mkamwambia alale, gari itafutwe usiku huohuo. Anayekonda bila sababu au anayeamshwa usiku na maumivu apelekwe ndani ya siku chache.

Swali: Niandike nini kwenye barua ya shule? Ile fomu ya daktari kwenye joining (karatasi za kujiunga na shule) ina kamstari kamoja tu.

Ongeza karatasi yako. Andika anaumwa nini kwa maneno ya kawaida, anameza dawa gani na saa ngapi, dawa gani hatakiwi kupewa, chakula kipi kinamsumbua, na dalili gani ikitokea wakupigie hata saa nane ya usiku. Weka namba mbili za simu. Toa kopi tatu, ya matroni, ya mwalimu wa malezi, na moja akae nayo mwenyewe kwenye tranka.