Mawasiliano kama fani ndogo: nani asome, na achague kozi zipi

Nafundisha mawasiliano ya afya, na baadhi ya kazi bora ninazosahihisha huandikwa na wanafunzi ambao mawasiliano si fani yao kuu. Wanasomea uuguzi, kilimo, takwimu au mazingira. Jambo la kusema tayari wanalo. Wanachotafuta ni namna ya kulifikisha kwa mtu asiyelijua au asiyelitaka. Wakiniuliza kama inafaa kusomea mawasiliano kama fani ndogo pembeni ya shahada yao, huwajibu kwamba inafaa sana, ila wasiishie kwenye kozi za kuzungumza jukwaani.

Mpangilio wenyewe kwanza. Fani kuu na fani ndogo ni utaratibu uliokulia Marekani, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliutumia katika mwongozo wake wa masomo wa 1877–78. Vyuo vingi vya huko hudai takriban krediti 120 (vipimo vya uzito wa kozi) kwa shahada ya kwanza, na fani ndogo huchukua kama 15 hadi 18 kati ya hizo, yaani kozi tano au sita. Nairobi utaukuta utaratibu huo kwenye vyuo vinavyofuata mtindo wa Kimarekani, kama USIU-Africa. Kwetu Tanzania programu nyingi zimefungwa zaidi, lakini kozi za hiari zipo, na mwanafunzi makini anaweza kuzipanga zikampa karibu kitu kilekile, hata kama cheti hakitakitaja.

Wengi wanachanganya fani hii na ile kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, ambayo karibu kila mtu huipitia: kuandika barua, kunukuu vyanzo, kutoa mada mbele ya wenzako. Stadi hizo ni za lazima na siwezi kuzidharau. Ila fani ya mawasiliano inauliza swali jingine kabisa: ujumbe ukishatoka, nini kinatokea kwa watu waliousikia, na utajuaje?

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapahapa nyumbani. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, uliolenga uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Waliousikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na Tunu mkewe. Waandishi hawakubuni wahusika kwa kubahatisha. Walifuata njia iliyoanzishwa Mexico na Miguel Sabido katika miaka ya 1970, yenye mizizi katika nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura kwamba watu hujifunza kwa kutazama yanayowapata wenzao. Kwa hiyo lazima awepo mhusika mbaya anayelipia matendo yake, awepo mwema anayefanikiwa, na katikati yao awepo anayesitasita na kubadilika polepole. Msikilizaji hujiona kwa huyu wa katikati.

Lakini kilichofanya mchezo huo usomwe hadi leo ni Dodoma. Kuanzia 1993 hadi 1995 mchezo ulirushwa sehemu kubwa ya nchi, na eneo la Dodoma likaachwa makusudi ili liwe la kulinganishia. Watafiti, mtaalamu wa mawasiliano Everett Rogers akiwa mmojawapo, waliwahoji watu pande zote mbili, wakaenda na kliniki kuwauliza wateja wapya wa uzazi wa mpango nini kiliwaleta. Matumizi yalipanda kulikokuwa na mchezo. Uliporuhusiwa kusikika Dodoma, na huko yakapanda. Bila eneo la kulinganishia, mtu yeyote angeweza kudai kwamba ni mabadiliko ya nyakati tu, na asingepatikana wa kumpinga kwa ushahidi.

Ndiyo maana namwambia mwanafunzi wa uuguzi kwamba kozi ya mbinu za utafiti wa hadhira ndiyo aishike kwanza, ijapokuwa ndiyo wengi wanaikimbia kwa kuogopa takwimu. Siku moja atakabidhiwa kampeni ya chanjo wilayani. Mabango yatabandikwa, gari la matangazo litapita, ripoti itaandikwa kwamba wananchi wameelimishwa. Aliyesoma utafiti wa hadhira atauliza mapema: kabla ya kampeni watu walikuwa wanaamini nini, na tutapima wapi ambako gari halikupita? Inaniuma kuona fedha za afya zikiishia kwenye fulana na vipeperushi ambavyo hakuna aliyepima kama vilisomwa.

Baada ya hiyo, achukue kozi moja ya nadharia. Mwanafunzi wa kilimo atakutana humo na utafiti wa wanasosholojia Ryan na Gross wa 1943 kuhusu mbegu chotara za mahindi kule Iowa, Marekani: wakulima wengi walisikia habari za mbegu kutoka kwa wauzaji, lakini waliwasadiki majirani waliokwisha kuzipanda. Bwana shamba yeyote wa Mbeya au Kitale ataitambua hali hiyo mara moja. Kozi zinazobaki zitegemee fani kuu yake: mawasiliano ya afya, ya mazingira, ya sayansi.

Kuna ninaowashauri waache. Anayetaka kuwa mwandishi wa habari asome uandishi wa habari wenyewe, kwa sababu fani ndogo haitampa muda wa kutosha studioni wala mitaani kutafuta habari. Anayehangaika na fani yake kuu naye asijiongezee mzigo, atashindwa kotekote.

Kabla hujajiandikisha, nenda kwa mshauri wako wa masomo ukiwa na mwongozo wa chuo mkononi. Muulize kama kozi moja inaweza kuhesabiwa pande zote mbili, maana vyuo vingine vinakataa, na hapo ndipo watu hujikuta wakilipia muhula wa ziada. Muulize kozi ya utafiti inadai uwe umesoma takwimu gani kabla. Muulize pia fani ndogo itaandikwa wapi, kwani mara nyingi huonekana kwenye orodha ya matokeo tu, si kwenye cheti. Kisha omba utafiti wako wa mwaka wa mwisho usimamiwe na walimu wawili, mmoja wa fani yako na mmoja wa mawasiliano. Ombi hilo lipelekwe mapema mwaka wa tatu, kabla walimu hawajagawiwa wanafunzi.